Georg Ohm, Mwana wa Fundi wa Kufuli

Wanafunzi wenzangu, ile ohm tunayopimia ukinzani kwenye fizikia, kumbe ni jina la mtu! Georg Ohm alizaliwa Erlangen, Ujerumani, mwaka wa 1789. Babake, fundi wa kufuli, alijisomea mwenyewe, kisha akamfundisha mwanawe hisabati. Ohm akawa mwalimu wa shule mjini Cologne. Huko alipitisha umeme kwenye nyaya fupi kwa ndefu, akipima mkondo kwa sindano ya sumaku. Akagundua kuwa waya ukizidi urefu, mkondo hupungua. Kitabu chake cha 1827 wengi walikibeza. Akaacha kazi, akahangaika miaka kadhaa. Lakini mwaka wa 1841, Royal Society ya London ilimtunukia nishani ya Copley. Alifariki mwaka wa 1854, akiwa profesa Munich. Kweli, mvumilivu hula mbivu.