Daktari Richard Bright na Maradhi ya Figo

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Tulipoingia shule hii katika Kidato cha Kwanza, sote tulipimwa afya, na kila mmoja alipewa kichupa akaambiwa alete mkojo. Lo! Tulicheka na kusukumana mlangoni. Laiti tungalijua habari za Daktari Richard Bright, nadhani tusingalicheka.

Bright alizaliwa katika mji wa Bristol, Uingereza, tarehe 28 Septemba, 1789. Baba yake alikuwa mfanya biashara tajiri, na kijana angaliweza kukaa raha mustarehe. Lakini yeye alipenda kuona mambo kwa macho yake mwenyewe. Mwaka wa 1808 aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh, na mwaka wa 1810 alifuatana na wenziwe mpaka kisiwa cha Iceland, kutazama mawe, mimea na wanyama. Tena alikuwa hodari wa kuchora. Mwaka wa 1813 alipata shahada ya udaktari, na mwaka wa 1820 aliingia kazini katika Guy's Hospital, London.

Katika wodi za hospitali ile walikuwamo maskini wengi waliovimba uso, miguu na tumbo kwa maji. Siku zile madaktari wengi waliushughulikia uvimbe kana kwamba huo ndio ugonjwa wenyewe. Wagonjwa walikufa, na chanzo hakikujulikana.

Basi Bright alitwaa kijiko, akatia mkojo wa mgonjwa, akakishika juu ya moto wa mshumaa. Ukaganda mweupe kama ute wa yai lililochemshwa! Mgonjwa alipokufa, Bright aliupasua mwili na kuzitazama figo, akaziona zimeharibika. Wengine kabla yake walikwisha kuona mkojo ukiganda hivyo. Sifa ya Bright ni kuwa aliyafunga pamoja mambo matatu: mwili uliovimba, mkojo unaoganda na figo mbovu. Mwaka wa 1827 alitoa kitabu chenye picha za rangi za figo hizo, na tangu hapo watu wakayaita maradhi hayo kwa jina lake, Maradhi ya Bright.

Sasa tuone kwa nini mkojo uliganda. Figo zetu ni mbili, zimekaa nyuma ya tumbo, huku na huku ya uti wa mgongo, nazo zina umbo la maharagwe. Kila moja hupata kimo cha ngumi, na ndani yake mna vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja vichujio hivyo huchuja maji ya damu kiasi cha lita 180. Karibu yote hurudishwa mwilini, na lita moja au mbili tu hutoka kuwa mkojo, zikichukua taka na chumvi iliyozidi. Figo pia husaidia kutengeneza damu na kuzuia nguvu ya msukumo wake isipite kiasi.

Kila mtu aliyekuna nazi anakijua kifumbu. Kikiwa kizima, tui hupita na machicha hubaki. Kikitoboka, machicha huanguka ndani ya tui. Ndivyo zilivyo figo zikiharibika: chakula cha damu kilichopasa kubaki mwilini humwagika katika mkojo, na taka iliyopasa kutoka hubaki katika damu. Mtu huvimba, huchoka, hupungukiwa damu, hutapika na kuhema. Asiposaidiwa, hupotewa na fahamu, akafa.

Mwaka wa 1842 hospitali ilimpa Bright wodi mbili zenye vitanda 42 kwa wagonjwa wa figo peke yao. Lakini jambo la huzuni ni hili: aliujua ugonjwa, wala hakuwa na dawa ya kuuponya. Miaka nenda miaka rudi aliwaona wakifa, naye hakuacha kuandika aliyoyaona. Alifariki dunia London tarehe 16 Desemba, 1858, kwa ugonjwa wa moyo.

Je, kazi yake ilipotea bure? Hasha! Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Daktari Willem Kolff wa Uholanzi alitengeneza mashine ya kusafisha damu, na mwaka wa 1945 ikamwokoa mgonjwa aliyekuwa karibu na kufa. Mwaka wa 1954, katika mji wa Boston, Marekani, Daktari Joseph Murray na wenziwe walitoa figo ya pacha mmoja wakampa ndugu yake, akapona. Wote hao walijenga juu ya msingi wa yule mwenye kijiko na mshumaa.

Wasomaji wapenzi, figo huharibika polepole, bandu bandu huisha gogo, na mara nyingi mtu hasikii maumivu yo yote mwanzoni. Ugonjwa wa sukari na shinikizo la damu ndizo sababu kubwa, na kumeza dawa za maumivu ovyo pia huzidhuru. Wazee wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Basi wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza, mtakapopewa vichupa, msicheke kama tulivyocheka sisi.