Hollerith, mhandisi aliyeifunza mashine kuhesabu umma

MALI bila daftari, walinena wahenga, huisha bila habari. Lakini daftari lenyewe likijaa kurasa milioni kadhaa, nalo hugeuka msitu usiopenyeka. Hiyo ndiyo shida iliyoikumba serikali ya Marekani baada ya sensa ya mwaka wa 1880. Watu walihesabiwa, majibu yakaandikwa, makaratasi yakarundikwa jijini Washington. Makarani wakachukua zaidi ya miaka saba kuyajumlisha kwa mkono. Walipokaribia kumaliza, sensa nyingine ilikuwa tayari inabisha hodi.

Mtu aliyefyeka njia katika msitu huo ni Herman Hollerith, mhandisi aliyeaga dunia mwaka wa 1929. Leo, meneja wa benki anayebonyeza kitufe na kuona mikopo ya kila tawi ikiwa imepangwa kwa umri, jinsia na mwezi, anafuata wazo ambalo Hollerith alilitoboa kwenye vipande vya karatasi ngumu kabla ya tarakilishi kubuniwa: taarifa iandikwe mara moja, ihifadhiwe, kisha iulizwe maswali mengi.

Hollerith alizaliwa Februari 29, 1860 mjini Buffalo, katika jimbo la New York. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani, na babake, mwalimu kwa taaluma, alifariki Herman akiwa angali mtoto. Shuleni, somo la tahajia lilimtesa mno. Inasimuliwa kwamba siku moja aliruka dirishani ili kulikwepa, ndipo mamake akamwondoa na kumtafutia kasisi wa Kilutheri amfundishe nyumbani.

Adha hiyo haikumzuia kupaa kimasomo. Aliingia chuo cha City College, New York, mwaka wa 1875 akiwa na umri wa miaka 15, na mnamo 1879 akahitimu shahada ya uhandisi wa migodi katika Chuo Kikuu cha Columbia. Profesa wake, William Trowbridge, aliyekuwa akifanyia kazi idara ya sensa, alimchukua awe msaidizi wake. Kijana huyo akatwikwa jukumu la kukusanya takwimu za nguvu za mvuke na maji zilizotumika katika viwanda vya chuma.

Ni huko ndiko alikojionea namna taarifa zilivyoweza kuzikwa zingali hai. Karani alipekua fomu, akachora mstari mdogo kwenye jedwali kwa kila mtu aliyemkuta, kisha akahesabu mistari. Swali likibadilika, mathalani kutoka idadi ya wanaume hadi idadi ya wanaume waliozaliwa ng'ambo, kazi yote ilianza upya.

Dkt John Shaw Billings, aliyesimamia takwimu za vizazi na vifo, ndiye aliyemtupia mbegu ya wazo. Katika mazungumzo yao, alimdokezea kwamba pangefaa kuwepo mashine ya kufanya kazi hiyo, kwa kutumia kadi zilizotiwa alama za kila mtu. Baadaye Hollerith alimwendea na kumwalika washirikiane, lakini daktari huyo hakutaka fungu lolote. Alichotaka yeye ni kuona tatizo limetatuliwa. Hollerith naye hakuwahi kuficha kwamba wazo la kwanza lilikuwa la Billings.

Mnamo 1882 alijiunga na taasisi ya MIT mjini Boston kama mhadhiri wa uhandisi wa mitambo, na huko akaanza majaribio yake. Kwanza alitumia utepe mrefu wa karatasi uliotobolewa matundu. Utepe ulifanya kazi, ila ulikuwa na kasoro moja kubwa. Aliyetaka habari za kundi dogo la watu alilazimika kuupitisha wote tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuweza kumtoa mtu mmoja akampanga mahali pengine.

Suluhu aliikumbuka kutokana na safari aliyowahi kufanya kwa garimoshi. Ili kuzuia tiketi kuibwa, utingo alitoboa kwenye kila tiketi alama za sura ya msafiri: rangi ya nywele, rangi ya macho, ukubwa wa pua. Hollerith akang'amua kwamba kila mtu angeweza kupewa kadi yake mwenyewe. Kadi, tofauti na utepe, huweza kuchambuliwa, kupangwa na kurudishwa mashineni mara nyingi iwezekanavyo.

Fauka ya hayo, alikaa kwa muda mfupi kati ya 1883 na 1884 katika ofisi ya serikali inayosajili uvumbuzi, ambako alijifunza kulinda kazi ya akili yake. Septemba 1884 aliwasilisha ombi lake la kwanza la hataza. Januari 8, 1889 alipewa hataza za mtambo wake, baada ya kuujaribu kwa takwimu za vifo katika jiji la Baltimore na kwingineko.

Katika kipindi hicho, idara ya sensa iliandaa shindano. Washindani watatu walipewa taarifa za wakazi wa maeneo manne ya jiji la St. Louis, ambao walikuwa zaidi ya watu 10,000. Hollerith alinakili taarifa hizo kwenye kadi kwa takriban saa 72, ilhali wapinzani wake walihitaji zaidi ya saa 100 kila mmoja. Pengo lilionekana hasa wakati wa kujumlisha. Mtambo wake ulimaliza kwa saa tano na nusu, huku wengine wakichukua saa 44 na saa 55. Zabuni ikawa yake.

Namna mtambo huo ulivyofanya kazi si fumbo. Karani alitoboa kadi kulingana na majibu ya mtu: umri, jinsia, mahali alikozaliwa, kazi yake. Kadi iliwekwa chini ya kishikizo chenye pini nyingi zenye springi. Mpini uliposhushwa, pini iliyokuta karatasi ilizuiwa, na iliyokuta tundu ilipenya hadi kwenye kikombe kidogo cha zebaki. Hapo umeme ulipita, mshale wa saa maalumu ukasogea hatua moja, na kengele ikalia kuashiria kwamba kadi imesomwa. Kando yake palikuwa na sanduku la vyumba vingi. Kifuniko cha chumba kimoja kilifunguka chenyewe ili karani aitumbukize kadi humo.

Uhodari wa mtambo haukuwa katika kasi pekee. Nyaya zake ziliweza kuunganishwa ili kuhesabu sifa kadhaa kwa pamoja, kwa mfano wanawake walioajiriwa, wa umri fulani, waliozaliwa nje ya nchi. Maswali ambayo awali yaliachwa kwa kuwa yangechukua miaka kujibiwa, sasa yaliweza kuulizwa.

Sensa ilifanyika Juni 1890, na katika muda wa majuma machache tu baada ya kazi ya kuhesabu kuanza, jumla ikatangazwa kuwa takriban watu milioni 62. Badala ya kushangiliwa, tangazo hilo lilizua manung'uniko. Wengi walikuwa wakitarajia taifa kubwa zaidi, hivyo wakaishuku mashine. Aidha, kazi ilikamilika mapema kuliko ile ya 1880, lakini gharama ya jumla haikushuka, kwani serikali ilikuwa imeuliza mambo mengi zaidi. Ndivyo ilivyo hadi leo: chombo kinachorahisisha majibu huzidisha maswali.

Mwaka huo ulikuwa wa neema kwa Hollerith. Columbia ilimpa shahada ya uzamifu kutokana na mtambo wake, na Septemba akafunga ndoa na Lucia Talcott, ambaye walijaliwa naye watoto sita. Punde si punde mitambo yake ikatumika katika sensa za Austria na Canada, kisha katika sensa ya Urusi ya mwaka wa 1897.

Hata hivyo, sensa huja mara moja kwa miaka kumi. Hollerith hakuwa akiuza mitambo yake bali aliikodisha, hivyo serikali ilipomaliza kazi, iliirudisha na mapato yakakatika. Uchumi wa Marekani nao uliporomoka mnamo 1893. Kwa hiyo ilimbidi awatafute wateja waliokuwa na makaratasi mengi kila siku, na akawapata katika reli.

Kampuni ya reli ya New York Central ilishughulikia mamilioni ya hati za mizigo kila mwaka. Mtambo wa sensa haukuifaa, kwa sababu uliweza kuhesabu vichwa tu, ilhali reli ilitaka kujumlisha uzani na fedha. Hollerith alirudi karakanani akaunda mtambo wenye uwezo wa kujumlisha viwango, na mwaka wa 1896 akapata kandarasi. Wakuu wa reli wakaanza kujua mapema ni njia ipi inaleta faida na mizigo inaelekea wapi, badala ya kungoja vitabu vifungwe. Desemba mwaka huo alisajili kampuni yake, Tabulating Machine Company, na baadaye maduka makubwa na viwanda vikafuata nyayo za reli.

Hapa ndipo ripoti ya biashara kama tunavyoijua ilipoanza kuchukua sura. Ofisi zetu sasa zina ghala za data, yaani hifadhi kubwa za kielektroniki ambamo kumbukumbu kutoka idara mbalimbali huwekwa kwa mpangilio mmoja, na programu za kuchota ripoti humo. Vyombo vimebadilika, lakini maswali ni yale yale. Tumeuza nini, wapi, kwa nani, na kwa kiasi gani?

Ufanisi haukumfanya Hollerith awe mwepesi wa kukubaliana na watu. Alikuwa mkali, mpenda ukamilifu, asiyevumilia kuingiliwa. Alishinda kandarasi ya sensa ya 1900, lakini mkurugenzi mpya wa idara hiyo, Simon North, alipolalamikia bei, mwafaka haukupatikana. Kufikia 1905 idara ilikuwa imeachana na mitambo yake, ikaanza kuunda ya kwake. Mhandisi James Powers, aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, akaja kuwa mshindani wake sokoni. Hollerith alikwenda mahakamani kuzuia mitambo hiyo isitumike katika sensa ya 1910, akashindwa.

Mwaka wa 1911, afya yake ikiwa imedhoofika, alikubali kuuza kampuni. Mfanyabiashara Charles Flint aliiunganisha na nyingine zilizotengeneza mizani na saa za kazini, na kampuni hiyo mpya ikaja kubadilishwa jina mwaka wa 1924 kuwa IBM. Hollerith, aliyepata zaidi ya dola milioni moja, alibaki mshauri hadi 1921. Miaka yake ya mwisho aliipitisha akifuga ng'ombe katika shamba lake. Alifariki kwa maradhi ya moyo jijini Washington, Novemba 17, 1929, akiwa na umri wa miaka 69.

Kifo kilimkinga asione yaliyofuata. Kampuni ya Ujerumani iliyokuwa na leseni ya mitambo yake, Dehomag, ilitumika katika sensa ya 1933 ya serikali ya Hitler, na vilevile katika ile ya 1939 iliyowaainisha watu kwa asili ya nasaba zao. Baadaye kadi za aina hiyo hiyo zilitumika katika shughuli za kambi za mateso. Tundu lililomwezesha daktari kujua ugonjwa unaoua watoto ndilo lililomwezesha dhalimu kujua Myahudi anaishi wapi. Mashine haikuuliza anayeuliza ni nani.

Nchini Kenya, makarani wa sensa ya Agosti 2019 walibeba vishikwambi badala ya fomu, na mapema Novemba mwaka huo taifa likaambiwa lina watu 47,564,296. Kasi hiyo ni matunda ya safari iliyoanza na kadi za Hollerith. Lakini kasi pekee haitoshi, na mkasa uliozipata karatasi za sensa yake mashuhuri unadhihirisha hilo.

Fomu za 1890, zilizokuwa na jina la kila mkazi, zilihifadhiwa katika jengo la wizara ya biashara jijini Washington. Januari 1921, Hollerith akiwa angali hai, moto ulizuka humo. Nyingi ziliungua au kulowa maji ya wazima moto, na mabaki yakaja kuharibiwa katika miaka ya 1930 kwa idhini ya bunge. Kati ya watu milioni 62, majina yaliyosalia ni elfu sita na ushei.

Ripoti zilizochapwa bado zipo. Kutokana nazo, twaweza kujua ni wanawake wangapi walifanya kazi viwandani na ni wahamiaji wangapi walitoka Ujerumani. Lakini mjukuu wa mtumwa aliyepata uhuru, anayetafuta nyanyake aliishi kijiji gani mwaka huo, hupekua asimwone. Jumla ilitunzwa, mtu akapotea. Kila anayejenga ghala la data leo hana budi kulikumbuka hilo kabla ya kufurahia ripoti yake ya kwanza.