Dokta Nico, mwalimu wa ufundi aliyechukuliwa na gitaa

Sisi tuliokulia uhamishoni Uvira hatuhitaji kuelezwa Dokta Nico alikuwa nani. Gitaa lake lilisikika kwa kinyozi, kwa fundi cherehani na kwenye kila baa iliyokuwa na redio. Vijana wa hapa Muganza wao wamemjua juzi tu, kwa kupitia simu zao, na sasa kila mwenye gitaa anaitaka sauti ile tamu, nene kidogo, isiyokwaruza. Wanakuja kwangu kwa kuwa nafundisha fizikia. Wanataka niwaundie kikuza sauti kidogo cha taa, zile chupa za kioo zinazowaka ndani ya redio za zamani. Kabla sijapasha moto chuma cha kulehemu, huwa nawasimulia kwanza maisha ya mwenye sauti hiyo.

Nicolas Kasanda alizaliwa tarehe 7 Julai 1939 huko Mikalayi, jimbo la Kasai, katika Kongo ya Wabelgiji. Alikuwa bado mwanafunzi, umri wa miaka kama 14, alipoanza kupiga na bendi ya African Jazz ya Joseph Kabasele mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Kaka yake, Charles Mwamba maarufu kwa jina la Déchaud, ndiye aliyempigia gitaa la rithimu miaka mingi. Wengi hudhani kijana huyo aliikimbia shule kwa ajili ya dansi. La hasha! Mwaka 1957 alihitimu kuwa mwalimu wa ufundi. Gitaa lilimchukua baadaye, chaki ikabaki mezani. Mimi niliyebaki na chaki namwonea wivu kidogo, lakini hayo tuyaache.

Mwaka 1960 wanasiasa wa Kongo walikwenda Brussels kwenye mkutano wa Meza ya Duara kudai uhuru, na Kabasele akaenda na wanamuziki wake, Nico akiwamo. Huko ndiko ulikotoka wimbo wa Indépendance Cha Cha, uliovuka mipaka yote ya Afrika. Wakati huo Nico hajatimiza miaka 21. Mwaka 1963 yeye na Rochereau, yaani Tabu Ley, walijitenga na Kabasele wakaanzisha African Fiesta, na katikati ya miaka hiyo ya 1960 nao wakaachana. Nico akaunda African Fiesta Sukisa. Jina la Dokta alipewa na mashabiki kwa ustadi wa vidole vyake.

Sasa tuingie kwenye mashine. Miaka ile ya mwanzo vikuza sauti vilikuwa vya taa, kwa kuwa transista ilikuwa bado haijatawala. Taa hiyo inakula umeme wa namna mbili kwa wakati mmoja. Unahitajika umeme mdogo wa kupasha moto waya wa ndani, volti 6 na nusu kasoro kidogo, na mwingine mkubwa, volti 250 hivi, wa kuvuta sauti ikue. Yote miwili hutoka kwenye transfoma, kile chuma kizito kilichozungushiwa waya wa shaba. Vijana huuliza taa, huuliza gitaa, hata rangi ya sanduku huuliza. Transfoma hakuna anayeiuliza.

Nami sikuiuliza. Miaka kadhaa iliyopita mfanyabiashara mmoja aliniletea kutoka Kamanyola redio nzuri ya taa, nami nikaitoa matumbo nikaunda kikuza sauti cha kwaya. Ilikuwa nyepesi, nikafurahi. Kumbe redio za aina ile ziliuzwa rahisi kwa sababu hazikuwekewa transfoma kabisa. Taa zake zimeungwa mstari mmoja, na bati la chini hupokea umeme wa ukutani moja kwa moja. Kijana mmoja, miguu mitupu juu ya saruji yenye unyevu, akagusa nyuzi. Alirushwa hadi kwenye viti. Namshukuru Mungu alinyanyuka, mkono ukamtetemeka hadi jioni. Kosa lilikuwa langu, si la aliyeniuzia.

Kwa hiyo wewe unayevusha vitu vya zamani mpakani, soma herufi kwenye kioo cha taa kabla ya kulipa. Jina likianza na U, kama UCL82, kwa kawaida redio hiyo haina transfoma ya kuufaa mkono wa mtu. Likianza na E, kama ECC83, taa hiyo ni ya volti 6.3 na mara nyingi utaikuta transfoma ya kweli pembeni yake. Halafu pima kwa mita, pasipo umeme. Kati ya waya unaotoka ukutani na waya unaokwenda kwenye taa pasiwe na njia hata kidogo. Umeme uruke kwa sumaku ya chuma tu, usipite kwenye shaba. Hapo ndipo mkono wa mpigaji unapotenganishwa na ukuta.

Kuhusu ukubwa, usidanganywe. Taa mbili za ECC83 zinakula ampea 0.6 za kupasha moto, na upande wa volti nyingi milimpea chache tu. Transfoma ya redio ndogo inatosha na kubaki. Ile ya Kimarekani iache. Imetengenezwa kwa volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, na hata ukishusha volti, mizunguko yetu 50 inaweza kuifanya ingurume na kuchemka. Ukikosa ya zamani, nunua mbili mpya za volti 230 kwa 12 uziunganishe mgongo kwa mgongo. Ya kwanza inashusha, ya pili inapandisha tena, na hizo 12 za katikati zinapasha taa moto. Weka fyuzi mwanzoni, funga bati kwenye waya wa ardhini, na usiguse ndani hata ukishachomoa, kwani kapasita hubaki zimeshiba.

Nico mwenyewe hakumaliza vizuri. Katikati ya miaka ya 1970 alijitenga na muziki, na nyimbo mpya zikaendelea bila yeye. Miaka ya 1980 alijitokeza tena, akarekodi Togo. Tarehe 22 Septemba 1985 alifariki Brussels, mji uleule alioingia akiwa kijana mwaka wa uhuru. Alikuwa na miaka 46, umri wangu mimi kasoro mwaka mmoja. Nilikuwa darasa la kwanza Uvira, na nakumbuka redio ya jirani ikipiga gitaa lake siku nzima pasipo tangazo la biashara.

Kijana yule aliyerushwa ameoa sasa, na bado anapiga. Jumamosi iliyopita alinijia na transfoma mbili mpya ndani ya mfuko wa mchele wa Bugarama. Kabla hajanisalimu aliniomba mita.