Mochizuki Chiyome: Mkuu wa majasusi wa kike au zao la kalamu?

WAHENGA walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kisa cha Mochizuki Chiyome, mwanamke wa Japani anayetajwa katika vitabu, filamu na michezo ya kompyuta kuwa mkuu wa ninja wa kike, kinatimiza sehemu ya pili ya methali hiyo. Sifa ambayo hakuwa nayo katika zama zake ilimjia baada ya karne nne.

Maisha yake, jinsi yanavyosimuliwa, ni haya. Chiyome aliishi katika karne ya 16, wakati Japani ilipokuwa imegawanyika baina ya watawala wa majimbo waliopigana bila kukoma. Nasaba yake inahusishwa na ukoo wa Mochizuki wa Koga, eneo lililosifika kwa wajuzi wa upelelezi. Aliolewa na Mochizuki Moritoki, samurai wa jimbo la Shinano. Mnamo 1561 mumewe aliuawa katika vita vya Kawanakajima, naye akabaki mjane chini ya himaya ya Takeda Shingen, mtawala wa Kai. Shingen, aliyehitaji macho na masikio katika ngome za mahasimu wake, akamkabidhi jukumu la kuunda kikosi cha majasusi wa kike.

Inasemekana Chiyome aliweka makao katika kijiji cha Nezu na kuwakusanya mayatima, wasichana waliotelekezwa na wajane wa vita. Majirani walimwona kuwa mfadhili mwenye huruma. Kumbe kwa siri aliwafunza kudukua habari, kupeleka ujumbe na hata kuua. Wafuasi wake walizunguka nchini wakijifanya miko, yaani wanawake wanaohudumu katika mahekalu ya dini ya Shinto. Wengine walijifanya makahaba au geisha. Idadi yao hutajwa kuwa kati ya 200 na 300. Shingen alipofariki mnamo 1573, habari za Chiyome nazo zikakatika.

Ni hadithi tamu, na utamu wake umetokana na kujengwa juu ya misingi ya kweli. Takeda Shingen, aliyezaliwa mwaka wa 1521, ni miongoni mwa makamanda mashuhuri zaidi katika historia ya Japani. Majeshi yake na yale ya Uesugi Kenshin yalikabiliana mara tano huko Kawanakajima kati ya 1553 na 1564. Pambano la 1561 lilikuwa kali kuliko yote, na Takeda Nobushige, ndugu mdogo wa Shingen, alipoteza maisha yake humo. Ukoo wa Mochizuki ulikuwapo Shinano, na kijiji cha Nezu kingali kipo hadi leo katika mji wa Tomi, mkoani Nagano. Hakuna pia anayekana kwamba Shingen alitumia wapelelezi, maadamu kila mtawala wa enzi hizo alifanya hivyo.

Hata hivyo, ukuta uliosimamishwa juu ya misingi hiyo una nyufa. Hakuna hati ya karne ya 16 inayomtaja Chiyome kuwa jasusi wala mkufunzi wa majasusi. Suala la geisha ndilo linaloumbua hadithi hiyo waziwazi, kwa kuwa wanawake wa kazi hiyo walianza kuonekana Japani katika karne ya 18, takriban miaka 200 baada ya kifo cha Shingen. Jina ninja lenyewe lilipata umaarufu katika karne ya 20. Watu wa zama za Chiyome waliwaita wapelelezi wa aina hiyo shinobi.

Safari ya hadithi hii inaweza kufuatwa hatua kwa hatua. Mnamo 1930, Nakayama Taro, mtafiti wa mila na desturi, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu historia ya miko. Humo alimtaja Chiyome kuwa mjane aliyepewa na Shingen uongozi wa miko wa majimbo ya Kai na Shinano. Cheo hicho kilikuwa cha kidini. Miaka 41 baadaye, mnamo 1971, mwandishi wa masuala ya historia Inagaki Shisei akamwasilisha mama huyo kuwa kiongozi wa ninja wa kike. Waandishi waliofuata walinakili dai hilo, kila mmoja akiongeza chumvi yake, hadi likavuka bahari na kuingia katika lugha za kigeni kana kwamba ni ukweli usiohitaji ushahidi. Mnamo 2017, Yoshimaru Katsuya wa Chuo Kikuu cha Mie aliyachunguza maandishi hayo na kubaini kwamba dai la ujasusi halina msingi.

Je, ina maana kwamba wanawake hawakushiriki kamwe katika upelelezi wa Japani? La hasha. Bansenshukai, mkusanyo wa mbinu za shinobi ulioandikwa na Fujibayashi mnamo 1676, unaeleza mbinu iitwayo kunoichi. Neno hilo ni fumbo. Linatokana na mikato mitatu, ku, no na ichi, ambayo ikiunganishwa huunda herufi ya Kijapani yenye maana ya mwanamke. Mbinu yenyewe ilikuwa kumwingiza mwanamke katika nyumba ya adui ambamo mwanamume asingeweza kupenya kwa urahisi. Angeweza kuajiriwa humo kama mtumishi, kisha akaomba ruhusa ya kuletewa kasha lake, na ndani ya kasha hilo mwanamume akajificha. Huyo ndiye mwanamke wa hati za kale. Hakuwa mpiga upanga mwenye kuruka juu ya mapaa, bali mtumishi mtulivu ambaye hakuna aliyemshuku.

Kunoichi aliyezoeleka leo, mrembo mwenye silaha na uwezo wa ajabu, alizaliwa katika riwaya. Yamada Futaro, mwandishi aliyependwa sana Japani, alilitumia neno hilo katika riwaya zake za ninja mwanzoni mwa miaka ya 1960, na filamu iliyotokana na mojawapo ikatolewa mnamo 1964. Hivyo basi, Inagaki alipoandika mnamo 1971, wasomaji walikwisha kumzoea ninja wa kike. Kilichokosekana kilikuwa jina la mtu wa kihistoria wa kumvisha vazi hilo, na Chiyome akavishwa.

Walioathiriwa zaidi na uzushi huu ni wanawake halisi wa Nezu. Katika enzi ya Edo, kijiji hicho kilikuwa kitovu cha miko waliosafiri. Wenye nyumba za miko waliwachukua wasichana, wengi wao kutoka familia maskini, wakawalea na kuwafunza kazi. Kila msimu walifunga safari ndefu kwa miguu, wakiwa na visanduku vilivyofungwa kwa kitambaa, wakipita vijijini kuombea wagonjwa, kutabiri na kuwasilisha maneno ya marehemu kwa jamaa waliofiwa. Mapato yao yaliikimu Nezu. Mnamo 1873 serikali ya Meiji, iliyotaka kuliondolea taifa ilichokiita ushirikina, ilipiga marufuku kazi hiyo, na desturi ya vizazi vingi ikaanza kufifia.

Hawa hawakuhitaji upanga wala sumu ili wastahili kukumbukwa. Walikuwa wanawake waliosafiri mbali na makwao katika nchi ambayo wengi wa wenzao hawakuruhusiwa kusafiri kwa uhuru. Walijitafutia riziki kwa sauti na kumbukumbu zao, na waliwafariji waliofiwa. Lakini leo anayeulizia wanawake wa Nezu husimuliwa habari za majasusi wa Chiyome, na miko wenyewe hugeuzwa kuwa vazi tu la kuficha majambia. Kumwondolea Chiyome cheo cha ninja hakumpunguzii heshima mwanamke yeyote wa Japani. Kunawarejeshea historia yao wale walioishi kweli.