Mama Mary Livingstone

Wengi wetu twamjua Dk. David Livingstone, ambaye hotuba yake kule Cambridge mwaka 1857 ilizaa misheni ya UMCA. Mkewe twamtaja mara chache.

Mary Moffat alizaliwa mwaka 1821 Afrika ya Kusini, binti wa wamisionari. Alifundisha watoto wadogo huko Kuruman, akaolewa mwaka 1845. Katika miaka mitatu walihama kutoka Mabotsa hata Chonuane, kisha Kolobeng. Huko alioka mkate, akatengeneza sabuni na mishumaa, na kufundisha watoto.

Mwaka 1850 walivuka jangwa la Kalahari kwa gari la maksai, mama akiwa mja mzito, pamoja na watoto watatu. Watoto wakashikwa na homa, na mtoto mchanga aliyezaliwa baada ya safari aliishi majuma sita tu. Mwaka uliofuata walivuka tena. Maji yakawaishia njiani, na mwana mwingine akazaliwa safarini. Mwaka 1852 Mary na watoto wanne walipelekwa Uingereza, wakakaa zaidi ya miaka minne bila nyumba yao wenyewe. Mwishowe alimfuata mumewe kwenye mto Zambezi. Tarehe 27 Aprili 1862 alifariki kwa homa huko Shupanga, Msumbiji, akazikwa chini ya mbuyu.

Sifa zilikuwa za mume, bali gharama ililipwa na nyumba nzima. Leo pia, padre au mwalimu akihamishwa, mke na watoto hufunga mizigo. Tunapomwombea mtumishi, tuwataje na hao. Tena tuulize watalala wapi.