Idi Amin: Askari wa Gilgil aliyevishwa jezi ya raga asiyoivaa

MSAFIRI anayetoka Naivasha kuelekea Nakuru hupita Gilgil, mji mdogo uliojulikana tangu enzi za ukoloni kwa kambi zake za kijeshi. Wengi huutazama kupitia dirisha la matatu na kusahau. Wachache hukumbuka kwamba miongoni mwa vijana waliopigishwa kwata hapo mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwemo mmoja kutoka Uganda, mrefu na mwenye misuli, ambaye baadaye jina lake lingetia hofu Afrika Mashariki nzima. Kijana huyo ni Idi Amin.

Mashabiki wa raga nao wana sababu yao ya kumtaja. Timu za taifa za Kenya na Uganda zinapojiandaa kuwania Kombe la Elgon, hadithi moja ya kale huibuka tena. Husimuliwa kwamba mwaka 1955 Amin alikuwa mchezaji wa akiba wa kikosi cha Afrika Mashariki kilichopambana na British Lions jijini Nairobi. Hadithi hiyo imerudiwa katika vitabu na magazeti ya nchi nyingi hata ikaaminika. Hata hivyo, si ya kweli, na maisha halisi ya mtu huyo yana mafunzo mazito zaidi kuliko ngano hiyo.

Mwaka aliozaliwa haukuwekwa katika kumbukumbu rasmi. Wanahistoria wengi hutaja kipindi cha kati ya 1925 na 1928, wengine wakisema alizaliwa Koboko, kaskazini magharibi mwa Uganda, na wengine Kampala. Baba yake alikuwa Mkakwa na mama yake Mlugbara. Elimu yake ya shuleni ilikuwa haba. Mwaka 1946 alijiunga na jeshi la kikoloni la King's African Rifles, maarufu kama KAR, na kazi yake ya kwanza ilikuwa msaidizi wa mpishi. Baadaye alipenda kujigamba kwamba alipigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, ilhali vita hivyo vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja kabla hajavaa sare.

Mwaka 1947 alihamishiwa Kenya, akatumika katika kikosi cha 21 cha KAR huko Gilgil hadi mwaka 1949. Hapo ndipo Bonde la Ufa lilipoanza kumfinyanga. Jeshi la KAR lilikusanya vijana wa makabila na nchi mbalimbali, na lugha iliyowaunganisha kambini ilikuwa Kiswahili. Amin alikizungumza kwa lafudhi ya kambini maisha yake yote, na mwaka 1973, akiwa rais, alitoa amri ya kukifanya kuwa lugha ya taifa ya Uganda.

Kambini pia ndiko alikojifunza kuwa michezo ilikuwa ngazi ya kupandia cheo. Maofisa wa Kiingereza walimthamini askari mwenye mbio, nguvu na utiifu kuliko mwenye kisomo. Amin, aliyekuwa na urefu wa zaidi ya futi sita, aliwafaa sana. Kuanzia mwaka 1951 alitawala ndondi za uzani wa lighthevi nchini Uganda kwa takriban miaka tisa. Vyeo navyo vilifuata. Ilipotangazwa hali ya hatari nchini Kenya mwaka 1952, alikuwa koplo miongoni mwa askari waliotumwa kuwakabili wapiganaji wa Mau Mau. Mwaka uliofuata alikuwa sajini.

Raga aliicheza Jinja, makao ya kikosi cha nne cha KAR. Alijiunga na klabu ya Nile, ambako alikuwa Mwafrika kati ya wachezaji Wazungu, akitegemewa katika safu ya mbele kwa uzito na nguvu zake. Wakati huo mchezo huo ulikuwa mali ya watawala na walowezi. Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kitale zilikuwa na viwanja vyake, na wachezaji walisafiri mwendo mrefu kwa gari moshi na kwa barabara za vumbi ili kukutana na wapinzani. Mwafrika aliyekaribia viwanja hivyo aghalabu alikuwa mkata nyasi au mhudumu wa vinywaji. Kwa hiyo, kumwona sajini mweusi akikimbia na mpira wa yai kulikuwa jambo la kushangaza, na huenda mshangao huo ndio uliozaa ngano.

Tarehe 28 Septemba 1955, British Lions walipitia Nairobi wakirejea nyumbani kutoka Afrika Kusini. Walikuwa wametoka sare ya mechi mbili kwa mbili na Springboks, na wakawashinda wenyeji wa Afrika Mashariki kwa alama 39 kwa 12. Jina la Amin halimo katika orodha ya waliocheza, wala sura yake haimo katika picha ya kikosi. La muhimu zaidi, kanuni za raga za wakati ule hazikuruhusu mchezaji aliyeumia kubadilishwa. Ruhusa hiyo ilikuja katika mechi za kimataifa mwaka 1968, yaani miaka 13 baadaye. Benchi analosemekana kukalia halikuwepo kabisa.

Basi tuiache ngano, turudi kwenye historia. Mwaka 1959 Amin alipewa cheo cha efendi, cha juu kabisa ambacho Mwafrika wa KAR angeweza kukifikia wakati huo. Mwaka 1961 akawa mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kufanywa maofisa kamili. Mwaka 1962, miezi michache kabla ya Uganda kupata uhuru, alitumwa na askari wake Turkana, kaskazini mwa Bonde la Ufa, kukomesha wizi wa mifugo. Uchunguzi ulibaini kwamba wafugaji kadhaa waliteswa na kuuawa. Wakuu wa Kenya walitaka ashtakiwe. Gavana wa Uganda, Sir Walter Coutts, alimwachia uamuzi Milton Obote, aliyekuwa waziri mkuu, naye Obote akaona karipio latosha. Damu ya Waturkana ikaachwa bila hukumu.

Mtihani wa pili ulikuja Januari 1964, na hapa Nakuru na Jinja zinasimama ana kwa ana kama timu mbili zilizopewa swali moja. Tarehe 23 mwezi huo, askari wa Jinja waliasi wakidai nyongeza ya mishahara na maofisa wa Kiafrika, wakamzuilia Waziri Felix Onama. Siku iliyofuata askari wa kikosi cha 11 waliasi katika kambi ya Lanet, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Nchi zote mbili ziliwaita wanajeshi wa Uingereza kuzima uasi huo. Tofauti ilikuwa katika yale yaliyofuata. Kenya iliwafikisha waasi mbele ya mahakama ya kijeshi na kukivunja kikosi chao. Uganda ilikubali kuongeza mishahara. Katika mabadiliko yaliyofuata, Amin alipandishwa cheo na kukabidhiwa kikosi.

Wanahistoria wanaolinganisha kambi hizo mbili huona hapo njia panda. Lanet askari alionyeshwa kwamba bunduki haimpi haki ya kuitisha serikali. Jinja alijifunza kinyume chake. Miaka saba baadaye, tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin alitwaa madaraka. Umati ulijitokeza barabarani Kampala ukishangilia. Haukujua unachokishangilia.

Mwezi wa Agosti 1972 aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka. Makumi ya maelfu walifunga virago, wengine wakisafirishwa kwa treni hadi Mombasa kupitia Eldoret na Nakuru. Wazungu wengi nao waliondoka. Biashara zilififia, vyuo vikapoteza walimu, na raga ya Uganda, iliyokuwa bado ikitegemea wageni kwa wachezaji, makocha na waamuzi, ikakauka kama kijito cha kiangazi. Hiki ndicho kinaya ambacho wapenda ngano ya 1955 hukisahau. Yule wanayemwita mwanaraga wa taifa ndiye aliyekaribia kuuzika mchezo huo nchini mwake.

Amin aliendelea kujionyesha kama mwanamichezo. Aliingia ulingoni mbele ya kamera, akaogelea mbele ya wageni, akamsherehekea John Akii-Bua aliyeshinda dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi katika Olimpiki za Munich mwaka 1972. Nyuma ya vicheko hivyo watu walitoweka. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alinyakuliwa kutoka mahakamani mwaka huohuo na kuuawa. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa mwaka 1977. Makadirio ya idadi ya waliopoteza maisha chini ya utawala huo hutofautiana, na mengi ni kati ya watu 100,000 na 500,000.

Februari 1976 askari wa zamani wa Gilgil alilikumbuka Bonde la Ufa kwa namna ambayo haikutarajiwa. Alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi na kati ya Kenya, karibu kufikia Nairobi, kihistoria ilikuwa ya Uganda. Madai hayo yalichota kutoka kwenye tukio la kweli. Hadi mwaka 1902, mpaka wa Uganda ulifika eneo la Naivasha, kabla Uingereza haijalihamishia Jimbo la Mashariki la Uganda upande wa Kenya. Kwa ramani hiyo ya zamani, Nakuru, Eldoret na Kisumu zote zingekuwa zake.

Wakenya hawakukubali. Maandamano yalifanyika, Rais Jomo Kenyatta akakataa kutoa hata shubiri moja ya ardhi, na wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakagoma kushughulikia shehena za Uganda. Amin, ambaye mafuta na bidhaa zake zilipita Mombasa na Nakuru, alilazimika kulegeza kamba. Lakini Julai mwaka huo, baada ya makomando wa Israeli waliowaokoa mateka Entebbe kutua Nairobi wakirejea, hasira zake ziliwaangukia Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda. Iliripotiwa kwamba mamia waliuawa. Mei 1978 Bruce McKenzie, aliyewahi kuwa waziri wa kilimo na mkulima wa Solai katika wilaya ya Nakuru, alikufa pale ndege aliyopanda kutoka Uganda ilipolipuka karibu na milima ya Ngong. Inaaminika sana kwamba bomu hilo lilitegwa kwa amri ya Amin.

Mpanda ngazi hushuka. Oktoba 1978 majeshi yake yalivamia Kagera nchini Tanzania. Mwalimu Julius Nyerere alijibu kwa vita kamili, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitwaliwa na majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni. Amin alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia. Alifariki mjini Jeddah tarehe 16 Agosti 2003 na kuzikwa huko huko, bila kusimama mbele ya mahakama yoyote.

Raga ya Uganda iliamka polepole baada ya yeye kuondoka, safari hii ikiwa mikononi mwa Waganda wenyewe. Kuanzia miaka ya 2000, timu za taifa za nchi hizi mbili zilianza kushindania Kombe la Elgon, lililopewa jina la mlima ambao mpaka unaukata katikati, kwa mechi za nyumbani na ugenini. Mwaka 2007 Uganda ilitawazwa bingwa wa Afrika kwa kuilaza Madagascar jijini Antananarivo. Kenya nayo ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2011 na 2013. Nakuru, ambako Mwafrika hakukaribishwa uwanjani enzi za walowezi, ilitoa mabingwa wa Kombe la Kenya mwaka 2013 na 2014.

Katika ushindani huo wa Kenya na Uganda hakuna ulaini. Mabega hugongana kwenye skramu, mashabiki huzomeana, na anayeshindwa huondoka akinung'unika hadi mechi ya marudiano. Lakini kuna mstari uliochorwa kwa chokaa, kuna kipenga, na baada ya dakika 80 wapinzani hupeana mikono. Kila upande hujua kwamba utarudi nyumbani na ardhi yake ikiwa palepale. Amin alicheza mchezo huo kwa miaka mingi, ila funzo hilo hakulichukua. Alipopata madaraka alikivunja kipenga na kuufuta mstari.

Ndiyo maana ngano ya mwaka 1955 haifai kuchukuliwa kama mzaha tu. Inamgeuza nduli kuwa mzee wa vituko, mtu wa kuchekewa kwenye vibanda vya mashabiki, na kuwasahaulisha vijana wafugaji wa Turkana, Wakenya wa mwaka 1976 na maelfu ya Waganda wasio na makaburi. Shabiki atakayeisikia tena Kombe la Elgon litakapowaniwa, amweleze msimuliaji kwamba benchi lile halikuwepo. Kisha amweleze yaliyokuwepo: kambi ya Gilgil, uasi wa Lanet na Jinja, na treni zilizopita Nakuru zikiwa zimejaa waliofukuzwa.