Freddie Mercury na heshima ya bendi kongwe

Je, bendi ya roki iliyodumu kwa miongo mitano yastahili kuendelea kuheshimiwa, au heshima yake huzikwa pamoja na mwimbaji aliyeiletea sifa? Suala hili limewagawanya mashabiki kwa miaka mingi, na bendi ya Queen ya Uingereza ni mfano wake bora. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, aliaga dunia mwaka wa 1991, ilhali wenzake wawili walikuwa wangali wakitumbuiza umati nchini Japani mnamo Februari 2024. Jibu limo katika maisha ya marehemu mwenyewe.

Mercury alizaliwa Unguja mnamo Septemba 5, 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, India, na wafuasi wa dini ya kale ya Zoroasta. Babake alikuwa keshia wa mahakama katika serikali ya kikoloni. Akiwa bado mdogo, mvulana huyo alipelekwa katika shule ya bweni ya St Peter's mjini Panchgani, India, ambako alijifunza piano na kuunda bendi na wanafunzi wenzake.

Alirejea Unguja mwaka wa 1963, lakini hakukaa sana. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliilazimu familia hiyo kufungasha virago na kuhamia Feltham, magharibi mwa London. Huko kijana huyo alisomea sanaa ya michoro katika chuo cha Ealing, akahitimu mwaka wa 1969, kisha akawa anachuuza nguo katika soko la Kensington pamoja na mpiga ngoma Roger Taylor.

Mnamo 1970, Taylor na mpiga gitaa Brian May waliachwa na mwimbaji wao, na Bulsara akaliziba pengo hilo. Ndiye aliyeipa bendi jina la Queen na kuichorea nembo. Naye akajipa jina la Mercury. John Deacon, mpiga gitaa la besi, alijiunga nao mwaka wa 1971, na tangu hapo wanne hao hawakutengana hadi mauti yalipomchukua mmoja wao.

Wimbo uliowapandisha kileleni ni Bohemian Rhapsody wa mwaka wa 1975, utunzi wa Mercury. Ulikaribia dakika sita, ukachanganya roki na opera, na wapo walioona kuwa ni mrefu mno kwa redio. Wasikilizaji waliamua vingine: ulishika nafasi ya kwanza nchini Uingereza kwa majuma tisa. Lakini Mercury hakuwa mtunzi wa pekee. May, Taylor na Deacon nao walitunga nyimbo zilizovuma kote ulimwenguni.

Hata hivyo, anayesimulia maisha haya kwa haki hawezi kuficha doa. Mnamo Oktoba 1984, Queen ilitumbuiza Sun City, katika Bophuthatswana, mojawapo ya maeneo ambayo makaburu waliyaita nchi huru ili kuhalalisha ubaguzi wa rangi. Wakati huo Umoja wa Mataifa ulikuwa ukiwahimiza wasanii kuisusia Afrika Kusini. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza wanabendi faini. Kwa msikilizaji wa Kiafrika, kosa hilo si dogo, hasa likitendwa na mzawa wa Unguja. Wala halikufutwa na umahiri wao wa Julai 13, 1985, katika uwanja wa Wembley, walipowapiku wengi kwa takriban dakika 20 katika tamasha la kuwachangia waathiriwa wa njaa Ethiopia.

Heshima ambayo hakuna awezaye kumnyima Mercury ni ile ya kazi. Baada ya kugundulika kuwa na virusi vya Ukimwi, katika enzi ambapo hapakuwa na dawa za kumwokoa, aliendelea kurekodi. Albamu ya The Miracle ilitolewa mwaka wa 1989, na Innuendo mwanzoni mwa 1991. Katika albamu hizo mbili, utunzi wa nyimbo ulitajwa kuwa wa bendi nzima, si wa mtu mmoja mmoja. Aliutangazia ulimwengu ugonjwa wake mnamo Novemba 23, 1991, akafariki siku iliyofuata akiwa na umri wa miaka 45.

Uamuzi huo wa kugawana jasho na jina ndio unaowapa waliosalia haki ya kuendelea. Deacon alistaafu mwaka wa 1997. May na Taylor walishirikiana na Paul Rodgers, na baadaye Adam Lambert. Wapo wanaodai kuwa hiyo ni biashara ya kuchuuza jina la marehemu. Dai hilo lingekuwa na uzito iwapo nyimbo zingekuwa za Mercury pekee, au iwapo waimbaji hao wangejifanya kuwa yeye. Lakini majina yao yametajwa waziwazi kando ya lile la Queen, na Mercury huonyeshwa kwenye skrini ili hadhira isisahau nani aliyetangulia.

Mcheza kwao hutunzwa, ila Mercury alichelewa kutunzwa. Mnamo 2006, sherehe ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe ilifutiliwa mbali Zanzibar kutokana na pingamizi za kundi la kidini. Ilibidi kungoja hadi 2019 ndipo jumba la makumbusho lenye jina lake lifunguliwe katika Mji Mkongwe.

Bendi haiheshimiwi kwa kuhesabu miaka yake, kama vile mzee haheshimiwi kwa mvi pekee. Hupimwa kwa kazi yake, kwa uaminifu wake kwa waliotangulia na kwa makosa yake pia. Kwa mizani hiyo, Queen ingali inastahili heshima. Lakini ni heshima ya msikilizaji anayekumbuka Wembley bila kusahau Sun City.